Kutoka data hadi kabro

Kijana wa Kalama, Machakos, aliyesomea kompyuta na sasa anatamani uhandisi wa kemikali atafaidika akiichunguza kazi ya Nzambi Matee. Mwaka 2017 Matee aliacha uchambuzi wa data, akaanzisha maabara ndogo nyuma ya nyumba ya mamake, akawa anachanganya taka za plastiki na mchanga ili apate kabro, matofali ya kutandaza njiani. Majirani walipolalamikia kelele za mashine, aliwaomba wamvumilie mwaka mmoja apate vipimo sahihi vya mchanganyiko.

Vipimo ndivyo kazi yenyewe. Chupa za maziwa na shampuu ni polithini nzito, huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi za Selsiasi. Mifuko laini huyeyuka kwenye 110 hivi. Ndoo na kamba za polipropilini, 160 na ushei. Hizo zote hutumika katika kampuni yake, Gjenge Makers. Chupa za soda na maji hazifai, kwa kuwa zinataka nyuzi 250 hivi. Mtambo ukipashwa moto kiasi hicho, polithini huanza kuharibika; ukipashwa kidogo, vipande vya chupa hubaki vigumu ndani ya uji, na kabro hupasukia hapo. Kwa hiyo anayechambua taka mlangoni ndiye anayeamua uimara wa kabro.

Mchanga nao lazima uwe mkavu, maana unyevu hugeuka mvuke na kuacha vitundu. Machakos inaujua mchanga: malori yameuzoa kwenye mito ya msimu kwa ajili ya majengo ya Nairobi, hata kaunti ikatunga sheria ya uvunaji wake mwaka 2014. Anayeweza kutofautisha kwa vidole mchanga safi na ule wenye udongo ana ujuzi wa maana sana hapa, kwani udongo huizuia plastiki kushika punje.

Programu ya kompyuta ikikosea unairekebisha na kuiendesha papo hapo. Kabro hukulazimisha kungoja: nje huganda kwanza, ndani hunywea baadaye, na ukiitoa mapema kwenye kalibu hupinda. Nadhani hapo ndipo mazoea ya data humwokoa mtu: kubadilisha kitu kimoja kwa wakati na kuandika kila matokeo.

Alipopata ufadhili wa mafunzo Marekani, Matee alibeba sampuli kwenye mizigo yake, akazipima tena katika maabara za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Mwaka 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likamtuza, na mwaka uliofuata kiwanda chake kilikuwa kikitoa kabro 1,500 kwa siku.

Anayetaka kumfuata aanze na somo la uhamishaji wa joto, kabla ya kununua mashine yoyote.