Weusi Unaodanganya

Kupigwa MRI ya uso hakuumi, ila kunadai utulivu ambao wengi wetu hatuna. Ukimeza mate mashine ikiwa kazini, picha inaweza kuchafuka. Ndiyo maana mtaalamu mzuri wa mashine huwahi kusema: "Meza mate sasa, mama. Kelele inayofuata ni ya dakika nne." Hapo ameshaulizia hereni, vibanio vya nywele, meno ya bandia, hata rangi ya kope, maana nyingine zina chembe za chuma na huivuruga picha karibu na jicho.

Hakuna eksirei humo. Ndani ya sumaku ya tesla 1.5, mawimbi ya redio ya karibu megahezi 64 huiamsha haidrojeni ya maji na mafuta mwilini, kisha mashine husikiliza mwangwi wake.

Umahiri hasa uko kwa anayezisoma picha. Katika aina ya picha za MRI iitwayo T2, maji hung'aa. Sainasi, yaani uwazi ndani ya mifupa ya uso, iliyoziba ikajaa makamasi mepesi huja nyeupe. Uvimbe wenye seli zilizobanana huja kijivu. Kwa hiyo daktari huona saratani inapoishia na makamasi iliyoyazuia yanapoanzia, mpaka ambao CT, mashine ya eksirei iliyo hodari wa mifupa, mara nyingi hushindwa kuuonyesha.

Lakini makamasi yakikaa mno hukauka, na fangasi wakiota humo huyaongezea chuma na manganizi. Basi huja meusi ti, sawasawa na hewa. Sainasi iliyojaa pomoni inaonekana tupu, tena safi! Msomaji mzoefu hauamini weusi huo. Huuliza aina nyingine ya picha za MRI, T1, kisha hurudi kwenye CT, ambako uchafu uleule huonekana mweupe na mzito.

Mzoefu huyohuyo hashtuki akikuta nyama za tundu moja la pua zimevimba kuliko za lingine. Pua hupokezana zamu kila baada ya saa chache, mtu akiwa mzima kabisa.

Mwisho huzifuata neva. Baadhi ya saratani za tezi za mate hutambaa kimyakimya juu ya neva ya shavu hadi chini ya ubongo. Mgonjwa hudungwa dawa ya gadoliniamu, mng'ao wa mafuta huzimwa, na daktari hulinganisha kulia na kushoto, kipande kwa kipande cha milimita 3 hivi. Neva iliyonenepa upande mmoja tu inaweza kubadilisha mpango mzima wa upasuaji.