Sura na Mhusika: Mchezo wa Kuunda Vikaragosi Ukisomwa Kutoka Bunia

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeshughulikia sana usawiri wa wahusika katika riwaya, tamthilia na ngano. Haujaugeukia vya kutosha mchezo ambao watu wengi huuona kuwa wa kupotezea wakati tu, yaani mchezo wa intaneti wa kuundia vikaragosi. Makala haya yanauchunguza mchezo huo kama utungaji wenye kanuni zake. Aidha, yanauliza unamfundisha nini mchezaji aliyeko Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, kuhusu maana ya kumtambua mtu.

2.0 Kanuni za Mchezo

Mfano mmoja unaojulikana ni Picrew, uliotolewa nchini Japani mwaka 2018. Mchoraji huweka humo vipande alivyovichora mwenyewe: macho, pua, nywele, nguo na rangi za ngozi. Mchezaji huchagua kipande kimoja katika kila fungu, na picha hukamilika kwa dakika chache bila yeye kushika kalamu. Mashabiki wa katuni, filamu na riwaya huitumia michezo ya namna hii kujichora ndani ya hadithi waipendayo, au kumpa sura mhusika waliyemtunga wenyewe.

Uwezo wa mchezo si haba. Mafungu sita yenye vipande kumi kila moja hutoa picha 1,000,000 zilizo tofauti. Hata hivyo, wingi huo una mipaka. Ikiwa mchoraji hakuchora kilemba cha kitenge wala nywele zilizosukwa kwa uzi, picha zote milioni moja zitavikosa. Mchezaji ni mtunzi, lakini hutunga kwa msamiati wa mwingine.

Msomaji wa nadharia atamkumbuka Vladimir Propp, ambaye mwaka 1928 alionyesha kuwa ngano za Kirusi alizozichunguza zimejengwa kwa matendo 31 na dhima saba za wahusika. Kufanana kupo, ila tofauti ni kubwa zaidi. Kwa Propp, mhusika hutambulikana kwa tendo analolitenda. Umbo lake laweza kubadilika bila dhima yake kubadilika. Katika mchezo, umbo ndilo kila kitu na tendo halipo.

3.0 Sura, Jina na Tendo

E. M. Forster (1927) aliwagawa wahusika katika makundi mawili, ambayo wahakiki wa Kiswahili huyaita wahusika bapa na wahusika duara. Ni rahisi kusema kuwa kikaragosi ni bapa na kuishia hapo. Hukumu hiyo haitoshi, kwani mhusika bapa naye hutenda. Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert anampa mshitaki jina la Majivuno, na jina hilo linatangaza tabia yake yote. Lakini Majivuno anashitaki, na Karama anajitetea barazani. Msomaji anawapima kwa hoja zao. Katika Rosa Mistika (1971), Kezilahabi anakwenda mbali zaidi: binti aliyelelewa kwa ukali anabadilika baada ya kutoka nyumbani kwenda shule, na hakuna maelezo ya uso wake ambayo yangetosha kuyaeleza mabadiliko hayo. Kikaragosi, kwa upande wake, kimesimama kabla ya hadithi kuanza.

4.0 Mtazamo wa Bunia

Kudhani kuwa sura yatosha kumweleza mtu kuna historia nzito nchini Kongo. Hergé, katika kisa cha Tintin nchini Kongo kilichochapishwa mfululizo mwaka 1930 na 1931, aliwachora Wakongo kwa midomo na macho ya aina moja, kana kwamba wametoka katika kiolezo kimoja. Utawala wa Kibelgiji nao ulizoea kuyapanga makabila kwa maumbo na kuyapa vyeo kwa kipimo hicho. Huko Ituri uliwapendelea Wahema kuliko Walendu katika elimu na uongozi. Katika vita vya 1999 hadi 2003, na hasa katika mapigano ya Bunia ya Mei 2003, watu waliuawa kwa kudhaniwa kuwa wa kabila fulani.

Ukweli wa Ituri unaupinga mpango huo. Wahema wa kaskazini huzungumza Kilendu, ilhali wale wa kusini wana lugha ya Kibantu. Kwa hiyo hata lugha ya nyumbani, achilia mbali pua au kimo, haitoi jibu la hakika.

Hapa mchezo unastahili kutetewa. Mipango ya kikoloni ilizifunga sifa pamoja: pua hii lazima iandamane na kimo hiki na akili hii. Mchezo unazifungua. Pua yoyote hukaa na nywele zozote, na hakuna kipande kinachoamuru kingine. Kijana anayebadilisha vipande hivyo mara ishirini anajionea kwa macho yake kuwa hakuna uhusiano wa lazima kati yao. Kasoro ni kwamba mchezo unabakiza kosa la pili, yaani imani kwamba kutazama kunatosha.

Kinachokosekana zaidi ni kauli. Kiswahili cha Bunia kina ngazi zake, kuanzia usemi ulio karibu na Kiswahili sanifu hadi ule wa mitaani, na msemaji huyohuyo huweza kuhama kutoka ngazi moja hadi nyingine kulingana na anayezungumza naye. Chaguo hilo hudokeza malezi, elimu, heshima na hata woga. Hakuna kitufe kinacholiwakilisha.

5.0 Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kuubeza mchezo. Mwalimu wa fasihi mjini Bunia anaweza kuutumia kwa manufaa: wanafunzi waunde kikaragosi kimoja kwa pamoja, kisha kila mmoja akiandikie mazungumzo mafupi na tendo moja lenye athari kwa mtu mwingine. Kazi hizo zikisomwa darasani, uso mmoja utakuwa umezaa watu wengi wasiofanana. Zoezi hilo litafundisha usawiri wa wahusika vizuri kuliko fasili za vitabuni. Vilevile, litawakumbusha vijana wa Ituri, ambako mauaji yalizuka upya wilayani Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, kwamba mtu hajulikani kabla hajasema na kutenda.