"Bado" na "Ndiyo" katika Timu za Programu: Uhakiki wa Nadharia za Tofauti za Kiutamaduni kwa Ushahidi wa Usambara

Ikisiri

Makala hii inahakiki nadharia mbili zinazotumiwa mara kwa mara kueleza migongano ya mawasiliano katika timu za programu za kompyuta ambazo wanachama wake wametawanyika katika nchi mbalimbali. Kwa kutumia ushahidi wa Kiswahili pamoja na historia na fasihi ya Usambara, inadaiwa kuwa mengi yanayoitwa tofauti za utamaduni ni masuala ya lugha yanayoweza kuchambuliwa na kufundishwa. Aidha, neno "utamaduni" likitumiwa bila uangalifu huficha swali la nani ana mamlaka ya kuuliza na nani analazimika kujibu.

1.0 Utangulizi

Timu za aina hii si jambo geni Afrika Mashariki. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux uliwaunganisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, na kuzaa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye menyu na maelekezo ya Kiswahili. Leo mtu mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuandika programu akiwa Lushoto, huku msimamizi wake akiwa Stockholm au California. Wanapokosa kuelewana, maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba Mwafrika huogopa kusema hapana, naye mgeni hana subira. Makala hii inayapinga maelezo hayo.

2.0 Nadharia na mipaka yake

Hall (1976) anatofautisha mawasiliano ya muktadha mzito, ambamo mengi hueleweka bila kutamkwa, na yale ya muktadha mwepesi, ambamo maana hubebwa na maneno yenyewe. Hofstede (1980), akitumia hojaji za wafanyakazi wa IBM, anapima tamaduni za mataifa kwa vigezo kama vile umbali wa kimamlaka. Data hizo zilipopanuliwa baadaye, Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zilijumuishwa pamoja na kuitwa Afrika Mashariki. McSweeney (2002) alikwisha kuhoji iwapo majibu ya wafanyakazi wa kampuni moja yanaweza kuwakilisha taifa. Kwa mwanaisimu, tatizo ni kubwa zaidi: alama moja haiwezi kumweleza Msambaa, Mwamhara na Mbemba kwa pamoja, wala haionyeshi ni tamko gani lililozua kutoelewana. Hall anasaidia zaidi kwa kuwa anaelekeza jicho kwenye mawasiliano yenyewe, lakini naye haingii ndani ya sarufi.

3.0 Ushahidi wa lugha

Chukua mfano wa kubuni. Msimamizi anamwuliza mwandishi wa programu aliyeko Lushoto: "Hujamaliza?" Anajibiwa: "Ndiyo." Katika Kiswahili, "ndiyo" huthibitisha kauli iliyomo katika swali, maana yake ni kwamba kazi haijakwisha. Mazungumzo hayohayo yakifanywa kwa Kiingereza, na mjibuji akiendelea kufuata mantiki ya Kiswahili, msimamizi ataandika kuwa kazi imekwisha. Siku ya pili mjibuji ataonekana mwongo. Hapa hakuna woga wala unafiki. Kuna mifumo miwili ya kujibu swali kanushi.

Neno "bado" lina uzito wa pekee. Akiulizwa kama kazi imekwisha, Mswahili anayejibu "bado" anakanusha, na papo hapo anaacha mlango wazi kwamba itakwisha. Tafsiri inayobaki na ukanushi tu hupoteza ahadi. Inayobaki na ahadi tu hupoteza ukanushi. Vivyo hivyo "sawa", linapoandikwa chini ya ujumbe, huweza kumaanisha "nimekubali" au "nimepokea" tu. Ana kwa ana, sauti na uso huondoa utata huo. Katika ujumbe mfupi wa maandishi vyote viwili havipo.

Saa nazo ni sehemu ya lugha. Saa tatu asubuhi ya Kiswahili ni saa 9:00 katika kalenda ya kompyuta. Zaidi ya hapo, Tanzania haibadilishi saa zake kwa majira, ilhali Sweden hubadilisha mara mbili kwa mwaka. Mkutano ulioelewana vizuri majira ya baridi unaweza kukosewa kwa saa nzima ifikapo mwisho wa Machi, na lawama ikaangukia "utamaduni wa kuchelewa".

4.0 Funzo la Usambara

Lawama ya namna hii ina historia katika milima hiyohiyo. Kuanzia 1946, katika bonde la Mlalo, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo ambao baadaye ulienezwa Usambara na kuwalazimisha wakulima kulima kwa matuta. Wakulima waliupinga, na mpango ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Ilikuwa rahisi kwa watawala kuuona upinzani huo kuwa ni ujinga wa mambo ya kilimo. Feierman (1990) anaonyesha kinyume chake: wakulima walikuwa na hoja kuhusu ardhi, nguvukazi na wajibu wa mtawala wa kuiponya nchi. Waliuelewa ujumbe, waliukataa.

Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy inaongeza jambo jingine. Mbega, mwindaji mgeni kutoka Unguu, anaelewana na Wasambaa kwa kubadilishana nao: yeye hutoa nyama, wao hutoa mazao ya shamba. Kila upande una kitu ambacho mwenzake anakihitaji. Hata hivyo msomaji asiishie kwenye sifa hiyo. Mgeni huyo hatimaye anakuwa mtawala, na mabadilishano ya watu sawa yanageuka kuwa uhusiano wa mtawala na watawaliwa. Kuelewana hakuondoi mamlaka. Wakati mwingine ndiko kunakoyajenga. Katika timu ya programu, anayeandika taarifa ya tathmini ndiye huamua kama "bado" ilikuwa uvivu au ukweli.

5.0 Hitimisho

Nadharia za tofauti za kiutamaduni zitumike kuzua maswali, zisitumike kutoa hukumu. Timu inayokubaliana mapema kwamba maswali yaulizwe kwa njia yakinishi, kwamba saa ziandikwe pamoja na ukanda wake, na kwamba "sawa" ifuatwe na kitenzi kinachosema kilichokubaliwa, itakuwa imepunguza sehemu kubwa ya migongano inayosingiziwa mila. Kutoelewana kutakakobaki baada ya hapo kuchunguzwe kwanza kama ni kukataa. Mkulima wa Mlalo aliyekataa matuta alikuwa amejibu waziwazi. Aliyehitaji mkalimani ni yule aliyeuliza.