Adui Anayejua Kununa

Hapa Dimani bao huchezwa chini ya mwembe, na kete 64 zinatosha kukuonyesha tabia ya mtu. Mjomba wangu akikaribia kula nyumba yako huanza kuzungumzia bei ya korosho. Akikuuliza habari za watoto, jua umekwisha. Wageni hutazama mashimo yake. Sisi tuliomzoea tunatazama uso.

Nilimkumbuka nilipoanza kucheza Europa Universalis IV kwenye laptopu ya mtumba, usiku, betri ya sola ikiniruhusu. Mchezo huo ulitolewa mwaka 2013 na kampuni ya Paradox ya Stockholm. Unaanzia tarehe 11 Novemba 1444, nawe unachagua dola ya kuiongoza. Mimi nilichukua Kilwa. Kilwa ni jirani zetu wa kusini, sasa ningemchukua nani, Mreno? Watawala wengine wote, kuanzia Mogadishu hadi Lisbon, wanaendeshwa na kompyuta.

Kuifundisha kompyuta kupigana si jambo la kumsifia mtu sana. Hesabu ndiyo kazi yake. Shida ni kuifundisha ipatane nawe, ikukatalie, ikuwekee kinyongo. Mashine haina haya, wala haina mkwe wa kumwonea aibu. Ukiiacha ihesabu faida tu, asubuhi itavunja mkataba na jioni ikuletee zawadi, nawe utafunga laptopu ukalale.

Mafundi wa Paradox walipata dawa moja ambayo bado nawavulia kofia. Unapotaka kuungana na mtawala fulani, kabla hujamtuma mjumbe, unaweka mshale wa kipanya juu ya ombi lako na sababu zake zinajipanga mbele yako, kila moja na namba yake. Tuna adui mmoja: jumlisha. Uko mbali mno: toa. Chini kabisa kuna jumla, na ikizidi sifuri, amekubali.

Mwanzoni niliona huu ni utoto. Balozi gani anayetembea na moyo wa bwana wake mkononi, umehesabiwa kama risiti ya duka? Kisha nikafundishwa adabu. Nilinyakua miji ya pwani harakaharaka, nikajiona Hasan bin Suleiman mwenyewe, yule sultani wa kasri la Husuni Kubwa. Hakuna jirani aliyenipigia kelele. Ila katika orodha ya kila mmoja kulikuwa na namba moja nyekundu, ya kunichukia kwa kujitanua kwangu, na ilikuwa ikinenepa. Sikuitazama, hazina ilikuwa imejaa, na mwenye hazina iliyojaa hasomi maandishi madogo. Siku waliyoungana wote dhidi yangu nilitukana mashine. Nilipotulia nikarudi kusoma orodha zao. Walikuwa wamenuna miaka yote hiyo, tena waziwazi.

Nimewahi kucheza pia Civilization VI, ya mwaka 2016, ambayo wengi wanaipenda kuliko Europa. Humo kila mtawala ana tabia moja iliyo wazi na nyingine ya siri, na Zanzibar ni mji mdogo unaompa mlezi wake karafuu na mdalasini. Inapendeza. Lakini Kilwa Kisiwani humo ni jengo la fahari, na hata Mreno akiwahi anaweza kulijenga kwake. Jengo halinuni.

Mwaka 1498 Malindi ilimpokea Vasco da Gama kwa furaha, na watu wamewalaumu Wamalindi tangu hapo. Baada ya kucheza Europa siwalaumu kwa wepesi. Naiona orodha yao: Mombasa ni adui yetu, jumlisha, na namba yenyewe ni kubwa. Amir Ibrahim wa Kilwa hakupewa nafasi ya kujumlisha. Mwaka 1502 da Gama alimjia na mizinga, akamlazimisha kulipa kodi kwa dhahabu. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Almeida, akaja akauteka mji na kujenga ngome. Mazungumzo ya namna hiyo hayana orodha.

Juzi usiku Wareno walifika kwenye kioo changu. Mjomba alikuwa amekaa pembeni akisubiri simu yake ipate chaji.

"Huyu mwenye bendera ngeni anasema nini?"

"Ametuma balozi, mjomba. Anataka tu kujenga uhusiano mwema. Hajaomba kitu."

Akasogea, akakitazama kioo kwa muda, vile anavyotazama mashimo kabla ya kuinua kete.

"Anakuulizia watoto huyo," akasema.