Neno la Maji na Hukumu ya Waliokuja Nyuma

Maandishi ya Kiswahili juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 yamesomwa sana na wanahistoria, na wahakiki wa sanaa nao wameyapa haki yake. Liko jambo moja ambalo pande zote mbili zimelipita kwa haraka, nalo ni namna maandishi hayo yanavyoyahukumu mashambulio yenyewe: nani alimpiga nani, kwa haki gani, na lugha inafichua au kusitiri nini katika kulieleza tendo hilo. Makala haya yanalitazama jambo hilo, na hasa katika mchezo wa Ebrahim Hussein, Kinjeketile, uliotolewa mwaka 1969. Kwani huo ndio uliowafunza vijana wengi wa Tanzania na Kenya jinsi ya kuvifikiria vita hivyo.

Yafaa kwanza mambo yenyewe yakumbushwe. Mwezi wa Julai 1905 watu wa Matumbi waling'oa pamba waliyokuwa wakilazimishwa kuilima chini ya amri za serikali ya Wadachi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyekuwa akigawa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita vikiwa bado vichanga. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa safarini katika nchi ya Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Tarehe 30 Agosti wapiganaji walilishambulia boma la Mahenge, wakafyekwa kwa bombom. Kisha Wadachi wakageuza njia. Kapteni Wangenheim aliandika mwaka huo kwamba, kwa maoni yake, ni njaa na dhiki tu zitakazowatiisha watu kabisa. Vijiji vikachomwa, maghala yakatekwa, mashamba yakaharibiwa. Hesabu ya serikali ya Wadachi ilitaja watu 75,000 waliokufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa baadaye alikadiria baina ya 250,000 na 300,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi.

Mambo hayo yakiwekwa pamoja, msomaji ataona kwamba yamo humo mashambulio ya namna tatu, wala si namna moja: shambulio la mpiganaji juu ya boma lenye silaha, shambulio la mpiganaji juu ya msafiri asiye askari, na shambulio la dola juu ya chakula cha watu wote. Hukumu yoyote inayoyachanganya matatu haya huwa hukumu mbovu, iwe inatoka kwa mjukuu wa aliyepiga au kwa mjukuu wa aliyepigwa.

Tenzi za zamani hazikuwa na haja ya kutenganisha namna hizi, maana zilitungwa karibu sana na matukio. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, katika utenzi wake wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, aliandika juu ya vita vya pwani vilivyotangulia, vya 1888 na 1889. Jina lenyewe la utenzi linastahili kuangaliwa. Kutamalaki ni kuingia katika milki na kuishika. Ni neno la mtu aliyeona mali ikitoka mkono huu na kwenda mkono ule. Halisemi wizi, wala halisemi kuletewa sheria. Humwachia msomaji hukumu. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi naye alitunga utenzi wa Vita vya Maji Maji, uliochapwa kwanza Ujerumani mwaka 1933, ukatolewa tena mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Yeye ni mtu wa mji wa pwani, na hakuutunga utenzi wake ili kuwasifu waliokunywa maji. Watunzi hawa wawili ni mashahidi. Na shahidi hatakiwi kufanya kazi ya kadhi.

Kazi ya kadhi iliwaangukia waliokuja nyuma. Mwaka 1956, Julius Nyerere alipozungumza mbele ya Umoja wa Mataifa, alieleza kwamba watu wa 1905 walisimama kwa sababu hawakukubali kwamba mgeni ana haki ya kuwatawala, na si kwa hofu ya mganga. Kauli hiyo iliwaondolea wahenga aibu ya kuitwa wajinga waliodanganywa. Ndiyo mbegu ambayo Hussein aliiotesha jukwaani miaka kumi na mitatu baadaye, ingawa kwa jicho la mashaka zaidi.

Katika mchezo, Kinjeketile huleta maji na kuyaunganisha makabila, halafu yeye mwenyewe huanza kuona shaka juu ya kile alichokileta. Neno alilolizaa limemzidi nguvu, wala hawezi tena kulirudisha. Vita vinapiganwa, vinashindwa, naye anakamatwa. Anatakiwa ayakane maji ili asalimike. Anakataa. Sababu anayoitoa kwa Kitunda haihusu maji. Inahusu watoto na wajukuu. Akiyakana, watoto wataambiwa kwamba kupigana kulikuwa kosa.

Hapa Hussein ameipindua historia kwa makusudi, na mpinduo huo ndio moyo wa mchezo. Kinjikitile wa historia alinyongwa kabla ya Mahenge. Hakuuona ushinde, wala hakupata kuulizwa kama ulikuwa halali. Kinjeketile wa mchezo amehifadhiwa hai ili aulizwe. Mwandishi mwenyewe amewatenganisha watu hao wawili katika utangulizi wake, kwa hiyo hapana haja ya kumshitaki kwa kosa la tarehe. La kuuliza ni faida gani imepatikana kwa mpinduo huo, na kwa gharama gani.

Faida yake ni kubwa, nayo inaonekana katika lugha. Kiswahili kina majina mengi ya jambo lisilo sawa. Uongo ni wa maneno. Kosa ni la tendo. Hatia ni mbele ya sheria, na dhambi ni mbele ya Mungu. Mdachi wa mchezo anadai ungamo la uongo, lakini anajua litasikiwa kama ungamo la kosa. Kwa kusema maji ni uongo, Kinjeketile angeonekana amesema vita ni kosa. Na kutoka kosa hadi hatia ni hatua moja tu, hatua ambayo mshindi ameshaijengea kitanzi. Kukataa kwake basi si ushupavu mtupu wa mganga. Ni mtu anayelinda mpaka baina ya maneno mawili. Dawa yaweza kuwa uongo na vita vikawa haki. Hakuna mwandishi mwingine wa Kiswahili aliyeliweka jambo hili wazi kwa maneno machache namna hiyo.

Lakini gharama yake nayo si ndogo. Kwa kuliweka swali lote juu ya maji, mchezo unaipunguza maadili ya vita mpaka yakawa swali la ukweli wa dawa. Shambulio tunaloonyeshwa ni lile la namna ya kwanza peke yake, la mpiganaji mbele ya bombom. Wasafiri wa Liwale hawamo jukwaani. Njaa imo mwanzoni, katika mazungumzo ya wanawake wasiokuwa na cha kupika kwa sababu nguvu za waume zao zimeliwa na pamba. Lakini njaa ile kubwa iliyokuja baada ya vita, iliyotengenezwa kwa moto na amri, haimo, maana mchezo unakwisha pamoja na shujaa wake. Hivyo kizazi kilichosoma Kinjeketile shuleni kimejifunza kuuliza kama maji yalikuwa kweli. Hakikufunzwa kuuliza nani alikuwa halali kupigwa.

Wengine watajibu kwamba mchezo si kitabu cha tarehe, na kwamba si haki kumtaka mwandishi wa 1969 awapime kwa mizani moja mwenye mkuki na mwenye dola. Jibu hilo lina ukweli, tena ukweli mzito: aliyelazimishwa kulima pamba na aliyemlazimisha hawakuwa sawa, wala maiti watano wa msafara mmoja hawalingani na wilaya nzima zilizoachwa bila mbegu. Hata hivyo wingi wa upande mmoja haufuti jambo la upande wa pili. Watawa wale hawakuwa askari. Anayesema kwamba kuuawa kwao kulikuwa haki kwa kuwa vita vilikuwa haki, anatumia hoja ileile ya Wangenheim: kwamba lengo likiwa jema machoni pa mtenda, kila njia imehalalika.

Watasema pia kwamba ni makosa kuwahukumu watu wa kale kwa kipimo cha leo. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama kipimo kingekuwa cha leo. Katika elimu ya Kiislamu, ambayo wanazuoni wa pwani waliijua tangu zamani, imepokewa kwamba Abu Bakr aliwausia majeshi yake wasiue wanawake, watoto wala wazee, wasikate miti ya matunda, na wawaache watawa katika ibada yao. Kwa upande wa Ulaya, Ujerumani ilitia sahihi Mkataba wa The Hague wa 1899, uliokataza kuharibu mali ya adui pasipo dharura ya vita na kuwaadhibu watu wote kwa tendo la wachache. Ila mkataba huo ulihusu mataifa yaliyoutia sahihi baina yao, na mtu wa Matumbi hakuhesabiwa kuwa na taifa. Kipimo basi kilikuwako. Kilichokosekana ni nia ya kukitumia kwa kila mtu.

Linabaki jambo la sarufi, ambalo ni dogo kwa sura na kubwa kwa madhara. Katika vitabu vingi vya historia vya Kiswahili, habari za mwisho wa vita huelezwa kwa sentensi ya namna hii: watu wengi walikufa kwa njaa. Kitenzi kufa hakina mtenda. Mtu hufa kwa njaa kama afavyo kwa ndui au kwa ukame. Ni jambo lililotukia. Askofu Spiss, kwa upande wake, huandikiwa aliuawa, na kauli ya kutendwa, hata isipomtaja mtenda, humwachia nafasi. Msikilizaji huuliza, na nani? Hivyo lugha ya kitabu kimoja humpa maiti mmoja muuaji, na kuwanyima maiti wengi. Sentensi ya haki ingekuwa kwamba watu waliuawa kwa njaa. Wasahihishaji aghalabu wataikwaruza, wakidai kwamba njaa haiui kwa mkono wa mtu. Mwaka 1905 iliua kwa mkono wa mtu, na maandishi ya maofisa yanashuhudia.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, mahali walipozikwa viongozi wa Wangoni walionyongwa mwaka 1906, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda wazee wa watu wa pale. Kuomba msamaha ni kukubali kwamba mtenda yupo. Waandishi wa Kiswahili wasiwe nyuma ya hapo. Hussein alikwisha kuwaokoa wahenga wasiitwe wakosaji kwa sababu ya dawa isiyofaa, na deni hilo halisahauliki. Kazi iliyobaki ni ya mchezo au utenzi utakaoanzia pale Kinjeketile alipokomea: ghalani, katika miezi ya 1906, baina ya wanawake wale wale waliokosa cha kupika, wakiwa sasa hawana hata mbegu; na usiogope kumtaja aliyetia moto, wala kuwataja waliozikwa njiani Liwale.