Tairi la Mbele la Pikipiki: Mwongozo wa Kupima Ubora kwa Barabara za Marui na Kibaha

Pikipiki za kazi zinazouzwa Tanzania huja na tairi la mbele lililoundwa kwa ajili ya barabara ya wastani, yaani barabara ngumu, kavu na isiyo na mashimo mengi, na barabara ya namna hiyo ni adimu katika kata ya Marui, wilayani Kisarawe. Dereva anayebeba mihogo, mkaa au abiria kutoka huko kuelekea Kisarawe mjini, na pengine kuendelea hadi Kibaha kwenye lami ya Barabara ya Morogoro, huweza kupita katika siku moja kwenye kichanga kilicholegea, changarawe ngumu, udongo mfinyanzi na lami yenye joto. Ndiyo maana tairi la kiwandani linapochakaa, uteuzi wa linalofuata ni nafasi ya kuirekebisha pikipiki iendane na ardhi yake, na nafasi hiyo hupotea pale mnunuzi anapoishia kuuliza bei.

Kabla ya kupima tairi lolote ni lazima ieleweke kazi ya gurudumu la mbele, ambayo ni tofauti kabisa na ya gurudumu la nyuma. Gurudumu la nyuma husukuma, kwa hiyo huhitaji kung'ata ardhi kwa kuelekea mbele. La mbele halisukumwi na injini, bali huongoza na kufunga breki, na dereva anaposhika breki uzito wa pikipiki pamoja na mzigo wake huhamia mbele, kiasi kwamba sehemu kubwa ya uwezo wa kusimama hutegemea eneo dogo la mpira lisilozidi kiganja cha mkono. Nyuma ikiteleza, dereva mzoefu mara nyingi huweza kuirudisha. Mbele ikiteleza, kwa kawaida huanguka kabla hajafikiri.

Kanuni hii haihusu magurudumu peke yake. Katika nchi za baridi kali, pikipiki ya theluji husukumwa na mkanda wa mpira ulio nyuma na kuongozwa na skii mbili za mbele, na chini ya kila skii kuna mwinuko mwembamba wenye ufito wa chuma, ambao huzama katika theluji na kuizuia skii isiteleze kwa ubavu wakati wa kupinda. Wanaonunua skii za kubadilisha huangalia upana wa skii na kina cha mwinuko huo, kwa sababu skii pana huelea vizuri juu ya theluji laini na mwinuko mrefu hung'ata vizuri theluji iliyoshindiliwa, lakini mwinuko ukizidi kiasi usukani huwa mzito na chombo huvutwa na mitaro iliyoachwa na waliotangulia. Mnunuzi wa tairi la mbele katika mchanga wa Kisarawe yuko mbele ya mizani hiyo hiyo ya kuelea, kung'ata na wepesi wa kuongoza, na hakuna tairi linalotoa vyote vitatu kwa ukamilifu.

Tairi linalokuja na pikipiki nyingi za kazi ni la mifuo ya mzunguko, yaani mistari mirefu iliyochimbwa kufuata duara la gurudumu. Mifuo hiyo huishikilia pikipiki katika mstari ulionyooka, hutoa maji ya mvua kwenye lami, na huchakaa taratibu. Ubaya wake huonekana kwenye mfinyanzi uliolowa, ambako mifuo hujaa tope mara moja na tairi likawa sawa na lililoisha, na pia kwenye makorongo membamba yaliyochimbwa na matairi mengine, ambako gurudumu hukataa kutoka hata usukani ukigeuzwa. Kinyume chake ni tairi la kashata, yaani lenye vinundu virefu vya mpira vilivyoachana kwa nafasi kubwa. Hili hushika vizuri penye udongo uliolegea, na madereva wengi hulipenda kwa sura yake, lakini juu ya lami vinundu virefu hupinda chini ya breki, eneo linalogusa barabara hupungua, na baada ya muda vinundu huliwa upande mmoja, hali inayoleta mtikisiko kwenye usukani na mngurumo usiokwisha. Zaidi ya hapo, sifa ya kashata ya kutema tope hutegemea gurudumu kuzunguka kwa nguvu, na kwa kuwa gurudumu la mbele huzungushwa na ardhi tu, sifa hiyo haifanyi kazi mbele kama inavyofanya nyuma.

Kati ya hayo mawili kuna tairi la mchanganyiko, lenye vipande vya mpira vya urefu wa wastani, vilivyokaribiana katikati na kuachana zaidi mabegani, na hili ndilo linalofaa kwa dereva ambaye safari yake huanza kwenye kichanga na kuishia kwenye lami. Hata hivyo matairi ya mchanganyiko hayalingani ubora, na pa kuyatofautisha ni begani, yaani pale uso wa tairi unapokutana na ubavu wake, kwa sababu ni sehemu hiyo inayogusa ukuta wa korongo na inayobeba uzito pikipiki inapolala kwenye kona. Vipande vya begani viwe na kitako kipana kuliko kichwa na viungane kwa daraja dogo la mpira. Vikisukumwa kwa kidole gumba vipinde kidogo na kurudi papo hapo. Tairi lenye vipande vya begani vyembamba na virefu humridhisha mnunuzi dukani, kisha humwangusha kwenye kona ya changarawe.

Upana ni jambo ambalo wengi hulikosea kwa nia njema. Tairi la mbele la pikipiki ya kazi mara nyingi ni la 2.75-17 au 2.75-18, ambapo namba ya kwanza ni upana kwa inchi na ya pili ni kipenyo cha rimu, na baadhi ya madereva hupandisha hadi 3.00 ili lisizame mchangani. Faida ipo, kwani tairi pana huelea zaidi. Lakini usukani huwa mzito, pikipiki huchelewa kuitikia, nafasi kati ya tairi na madigadi hupungua hadi tope la masika hujaa na kuligandisha gurudumu, na kwa pikipiki ambazo waya wa spidomita hutoka gurudumu la mbele, tairi lililo kubwa kwa kimo hufanya mshale uonyeshe mwendo mdogo kuliko ulio kweli. Kwa anayeishi mchangani siku zote 3.00 inakubalika ikiwa madigadi inaruhusu. Kwa anayeshuka lami kila siku, upana wa kiwandani ndio bora.

Maandishi ya ubavuni yasomwe yote. Alama ya 41P, kwa mfano, ina maana kwamba tairi hubeba hadi kilo 145 kwa mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa, na 4PR au 6PR hueleza daraja la nguvu ya mwili wa tairi, wala si hesabu ya tabaka za nyuzi zilizomo ndani. Tairi la 6PR lina ubavu mgumu unaofaa nyuma penye magunia, ila mbele ugumu huo hulifanya liruke juu ya kokoto badala ya kuzikumbatia, hivyo 4PR mara nyingi huongoza vizuri zaidi. Tarakimu nne za mwisho wa namba inayoanza na DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa namna kwamba 1524 ni wiki ya 15 ya mwaka 2024.

Namba hizo hazimwambii mnunuzi tairi lilihifadhiwa wapi, na hapo mkono na jicho huchukua nafasi. Mpira huharibiwa na jua na joto, kwa hiyo tairi lililoning'inizwa nje ya duka huweza kuwa limechoka kuliko lililo kuukuu zaidi ambalo lilikaa ndani kivulini. Ukucha ukibonyezwa kwenye kipande cha katikati uache alama inayofutika polepole; usipoacha alama yoyote, mpira umekauka na utateleza kwenye lami yenye maji. Mifuo ifunguliwe kwa vidole viwili ili kuona kama chini yake kuna nyufa nyembamba kama nywele, kwa sababu nyufa huweza kuanzia huko kabla hazijatokea ubavuni. Vinyweleo vidogo vya mpira vilivyosalia kutoka kwenye kalibu ya kiwanda ni dalili njema, ingawa si uthibitisho. Mifuo yenye kingo zisizo sawa na kina kinachobadilikabadilika ni dalili ya tairi kipara lililochongwa upya kwa kisu, na tairi la namna hiyo halifai kabisa mbele, kwa sababu mchongaji amepunguza mpira unaozilinda nyuzi. Mwisho tairi litanuliwe na kutazamwa ndani. Nyuzi zisionekane, na ukingo unaokaa kwenye rimu, ambao umebeba duara la waya wa chuma, usiwe na mbonyeo wala mkunjo, kasoro inayoweza kutokea matairi yanaposhindiliwa moja ndani ya jingine wakati wa kusafirishwa.

Fundi anapolifunga, mshale wa ubavuni uelekee upande gurudumu linakozunguka, na pale tairi lenye mishale miwili linapotofautisha mbele na nyuma, maelekezo hayo yafuatwe, kwa kuwa mbele hupambana zaidi na nguvu ya breki. Ukingo upakwe maji ya sabuni na kamwe usipakwe oili. Baada ya kujaza upepo, mstari mwembamba unaozunguka karibu na rimu uwe umbali sawa pande zote. Kisha kijiti kishikwe kwenye shokapu, ncha yake ikikaribia mpira, na gurudumu lizungushwe: nafasi ikipanuka na kufinyika, tairi halijakaa au lina kilema, na liondolewe kabla mwenye duka hajasahau alichouza.

Upepo wa mbele kwa pikipiki nyingi za kazi ni karibu psi 25. Kuupunguza kidogo kwenye mchanga mzito husaidia, mradi urudishwe kabla ya lami, kwani tairi legevu lenye tyubu huhama juu ya rimu na kung'oa valvu.

Desturi ya baadhi ya madereva ni kuweka tairi jipya nyuma, kwa kuwa ndilo linaloisha haraka, na kuhamishia mbele lile la nyuma lililobaki nusu. Desturi hiyo iachwe: mwenye fedha ya tairi moja bora aliweke mbele.