Hewa Itoke, Vumbi Lisiingie: Uchambuzi wa Chumba cha Kusikilizia Muziki Kidahwe

Mvua zikishakatika mkoani Kigoma, kuanzia Juni hadi Septemba, mwenye santuri na kanda anayeishi Kidahwe huingia kwenye msimu mgumu kuliko yote. Lami ipo. Barabara itokayo Kigoma mjini hufika hapa na kugawanyika, tawi moja likienda Kasulu na jingine Uvinza. Lakini lami ni ukanda mwembamba tu. Mabega yake ni udongo mwekundu, njia za mitaani ni udongo mwekundu, na matairi ya malori na bodaboda zinazochepuka husaga udongo huo siku nzima hadi ukawa unga. Upepo wa kusini-mashariki, unaotawala bonde la Ziwa Tanganyika msimu huo, huubeba unga huo hadi madirishani. Mashamba na nyasi zikianza kuchomwa, masizi nayo huongezeka.

Wengi wetu hupambana na vumbi hilo kwa kitambaa. Tunafuta pleya asubuhi, tunafuta tena jioni, na kesho yake mfuniko umeshakuwa mwekundu. Nashikilia kwamba kitambaa ni silaha ya mwisho. Kinachoamua ni jambo moja: kwenye nyufa za chumba, hewa inaingia au inatoka? Ikiwa inaingia, hakuna usafi utakaotosha. Ikiwa inatoka, kazi kubwa imeshafanyika kabla hujagusa chombo chochote.

Chembe zenyewe

Vumbi tunaloliona sakafuni si lile la kuogopa zaidi. Chembe ya mchanga yenye upana wa maikromita 50, yaani karibu unene wa unywele, ikiachwa kwenye dari ya mita mbili na nusu huanguka ndani ya sekunde 12 hivi. Yenye maikromita 10 huchukua kama dakika tano. Yenye maikromita 2 huelea zaidi ya saa mbili, na ya maikromita 1 huelea zaidi ya saa nane, tena hapo hewa iwe imetulia kabisa. Watu wakitembea chumbani, chembe hizo ndogo ni kama hazitui.

Kutokana na hesabu hiyo, anayefagia chumba kwa fagio la chelewa saa kumi jioni na kuweka santuri saa kumi na moja, anaiweka ndani ya wingu asiloliona. Wavu wa mbu nao, ambao tundu zake ni za milimita moja na zaidi, huzuia mbu na majani tu. Kwa chembe ya maikromita 10, tundu hilo ni pana mara mia.

Linavyoharibu

Mfereji wa santuri ya mizunguko 33 kwa dakika, aina iliyoingia sokoni mwaka 1948, una upana wa maikromita 50 hadi 60 kwa juu. Ncha ya sindano inayopita humo ina nusu kipenyo cha maikromita 18 hivi. Chembe inayotosha kuingia mferejini inaweza kuwa kwatzi, na kwatzi ni gumu kuliko chuma cha kawaida. Uzito wa gramu mbili ukibanwa kwenye ncha ndogo kiasi hicho, chembe hukandamizwa kwenye ukuta wa vinili na kuacha kovu. Mlio wa "pa!" uliosikika mara moja kwa sababu ya vumbi utabaki kwenye santuri hata vumbi likioshwa. Msimu wa kiangazi huzidisha tatizo, kwa sababu hewa ikikauka vinili hujaa umeme tuli na kuvuta chembe kutoka hewani. Kuifuta santuri kwa kitambaa kikavu huongeza umeme huo.

Kwa upande wa kaseti madhara hayasikiki kwa mlio, bali sauti hufifia. Utepe wake huenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Kwa hiyo sauti kali ya mitetemo 10,000 kwa sekunde huandikwa kwa mawimbi yenye urefu wa chini kidogo ya maikromita 5. Mwaka 1951 Wallace wa maabara za Bell nchini Marekani alionyesha kwamba utepe ukiachana na kichwa cha kusomea kwa umbali sawa na wimbi moja, hupotea desibeli 55 hivi. Tandaza uchafu wa maikromita 1 tu juu ya kichwa hicho, na sauti hiyo itapungua kwa desibeli 11, ikimaanisha kwamba nguvu yake imeshuka chini ya sehemu moja ya kumi. Matoazi hupotea, na mng'aro wa gitaa la solo hupotea nao. Uchafu huohuo kwenye rili inayokwenda sentimita 19 kwa sekunde hupunguza desibeli 3 tu. Ndiyo maana kaseti ndiyo ya kwanza kulalamika.

CD ni mvumilivu zaidi. Mwanga wake unapoingia kwenye uso wa sahani una upana wa karibu milimita moja, na hukusanyika kuwa nukta ndogo baada ya kupenya plastiki ya milimita 1.2, hivyo chembe iliyo juu haiko kwenye shabaha. Anayeumia ni lenzi ya mashine, hasa pale moshi wa kuni na mvuke wa mawese kutoka jikoni unapolifanya vumbi kuwa utando wa mafuta. Amplifaya huvishwa blanketi la vumbi kwenye mapezi ya kupozea. Joto hupanda, na kapasita zake za maji, ambazo kwa kanuni ya mafundi hupoteza nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, huzeeka kabla ya wakati. Kitasa cha sauti kikikwaruza unapokizungusha, vumbi limeshafika ndani.

Alichokifanya Whitfield

Walioshughulikia tatizo hili kwa kina zaidi hawakuwa wapenzi wa muziki. Huko Albuquerque, Marekani, maabara ya Sandia ilikuwa ikiunganisha vipuri vidogo vya silaha ambavyo chembe moja ilitosha kuviharibu. Vyumba vya wakati huo vilisafishwa bila kuchoka: mafundi walivaa mavazi maalumu, kuta zililainishwa, sakafu ikafyonzwa vumbi. Chembe zilibaki, maana hewa ilizunguka ovyo na kuziinua upya.

Mwanafizikia Willis Whitfield aligeuza swali. Badala ya kuuliza vumbi lifutwe vipi, aliuliza hewa iende wapi. Katika muundo aliotangaza mwaka 1962, hewa iliyochujwa ilishuka kutoka darini kwa mkondo mmoja uliotulia na kutokea sakafuni, ikibeba kila chembe iliyozaliwa chumbani. Vyumba vinavyotengeneza vipuri vya kompyuta na dawa za sindano duniani leo vimejengwa juu ya wazo hilo.

Nyumba ya kawaida haiwezi kubeba mkondo wa dari nzima. Inaweza kuchukua nusu ya somo: chumba kipewe hewa iliyochujwa kwa wingi kiasi kwamba shinikizo la ndani lizidi la nje, japo kidogo. Kuanzia hapo kila ufa unakuwa mlango wa kutokea.

Hesabu ya chumba kimoja

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 3.5, chenye urefu wa mita 2.7. Ujazo wake ni mita za ujazo 38 hivi. Feni ya kompyuta ya sentimita 12, ya volti 12, husukuma kama mita za ujazo 100 kwa saa ikiwa haina kizuizi. Ikivuta hewa kupitia chujio, tuhesabu nusu, yaani 50.

Sasa tutazame matundu. Chini ya mlango wa sentimita 90 pakiwa na nafasi ya sentimita 1, hilo ni eneo la sentimita za mraba 90. Dirisha la vioo vya kufunguka kwa ngazi, lenye vioo 10 vya sentimita 60 visivyobana kwa milimita 2, linaongeza 120. Jumla ni 210. Feni yetu ikisukuma ndani ya chumba hicho, shinikizo linalopatikana halifiki paskali 1. Upepo wa mita 1.2 kwa sekunde, ambao hautikisi hata tawi, unalishinda. Feni inazunguka, bili inalipwa, na vumbi linaingia kama kawaida.

Ziba dirisha kwa fremu inayobana, kisha teremsha raba chini ya mlango hadi matundu yote yabaki sentimita za mraba 60. Feni ileile sasa inatoa karibu paskali 9, na hapo upepo unahitaji kukaribia mita 4 kwa sekunde ili uweze kupenya. Ongeza feni ya pili na unapata akiba kwa siku za upepo mkali.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi haubadilishwi: kuziba kwanza, kupuliza baadaye. Anayenunua feni kabla ya raba ya mlango amepoteza fedha. Na kabla ya dirisha, tazama juu. Vumbi jingi la nyumba zetu limekaa kati ya bati na dari, likisubiri upepo uinue bati kidogo ili limwagike kwenye maungio ya silingi. Maungio hayo, pamoja na tundu la waya wa taa, yazibwe kwa silikoni au jipsamu.

Mahali pa kuvutia hewa pachaguliwe kwa makini. Pawe upande usiotazama barabara wala jiko, na pawe juu, mita mbili au zaidi kutoka ardhini, maana chembe nzito husafiri chini. Kwa chujio, la hewa ya gari linafaa sana. Limetengenezwa kwa barabara za vumbi, karatasi yake iliyokunjwa ina eneo kubwa hivyo haizibi hewa upesi, na hupatikana kwenye maduka ya vipuri Kigoma mjini. Liwekwe ndani ya boksi la mbao lisilovuja, kwa sababu hewa hupita palipo rahisi, na ufa kando ya chujio ni sawa na kutokuwa na chujio.

Mlio wa feni una dawa yake. Kati ya feni na chumba, hewa ipite kwenye njia yenye kona mbili iliyovishwa sponji ya godoro. Hewa hupinda, mlio humezwa. Feni ya wati 3 ikizunguka usiku na mchana hutumia wati-saa 72, kiasi ambacho betri ya sola ya kawaida hukimudu hata umeme ukikatika. Na izunguke mfululizo. Chumba kilichopumzishwa usiku huamka na vumbi.

Ndani ya chumba

Hewa ikishatoka, kitambaa hupata maana yake. Sakafu ipigwe deki, isifagiwe. Viatu vibaki nje, na hilo majumbani mwetu ni desturi tayari. Zulia hupunguza mwangwi wa sakafu ya saruji lakini ni ghala la vumbi. Afadhali blanketi nzito zinazotundikwa ukutani, zitolewe na kukung'utwa nje, upande ule upepo unakoelekea. Vyombo vifunikwe kwa kanga au kitambaa kingine cha pamba, kwani nailoni huzaa umeme tuli. Amplifaya isifunikwe kamwe ikiwa imewashwa.

Kuosha santuri kunataka maji sahihi. Maji ya Ziwa Tanganyika, kwa uzuri wake wote, yana chumvi nyingi za magnesi na pH inayokaribia 9. Yakikauka mferejini huacha ukoko, na ukoko huo sindano husoma kama kelele. Tumia maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri za gari, ukihakikisha umepewa maji na si asidi. Tone la sabuni laini ya vyombo, brashi laini ifuatayo mzunguko wa mfereji, kisha suuza kwa maji hayohayo. Spiriti ni ya kichwa cha kaseti, kwa pamba. Santuri za zamani za mizunguko 78 zisiguswe nayo, maana zimetengenezwa kwa utomvu wa shelaki, na spiriti huuyeyusha.

Kinacholindwa

Kwa nini kazi yote hii, wakati nyimbo zipo kwenye simu? Kwa sababu nyingi hazipo. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyoanza kwa jina hilo mwaka 1965, ndiyo iliyorekodi sehemu kubwa ya bendi zetu kwa miongo miwili iliyofuata, na Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Zilizochapwa zilipitia Nairobi, nyingine kwa toleo moja tu. Mtu wa Kidahwe mwenye sahani ya namna hiyo, au kaseti ya harusi ya Ujiji ya mwaka 1985, huenda ana nakala pekee iliyobaki. Hakuna duka la kuirudisha.

Mwenye bajeti ndogo aanze na raba ya mlango na silikoni ya dari. Mwezi unaofuata anunue fremu ya dirisha. Feni na chujio vije mwisho, kisha afanye jaribio: awashe udi karibu na ufa wa mlango, upande wa ndani, mlango ukiwa umefungwa. Moshi ukielekea nje, chumba kimeanza kujilinda. Ukirudi ndani, kuna ufa haujazibwa, na autafute kabla ya kuweka santuri yoyote.